Barza ya mchimbaji: mgeni akaribie, merkiri ibaki inje

Ku Salamabila nyumba inaanzia ku barza. Mgeni anapiga hodi, na kabla hajajua kama ndani kuna viti viwili ama kumi, amekwisha kukaa barzani na kuipima nyumba nzima kwa macho. Hapo negosia anangojea mwenye shimo aamke. Hapo wakubwa wa ukoo wanakaa siku ya kuzungumza mahari, watu wa matanga wanalala, mama anachagua mchele, watoto wanaandika masomo mpaka giza liingie. Na hapo hapo, jioni, baba anarudi kutoka shimoni, anavua mabuti yake penye mlango, na mtoto mdogo kuliko wote anakimbia kumshika miguu.

Juu ya dakika hiyo ya mwisho njo tunaandika leo.

Lakini tuanze na barza yenyewe, maana iko na historia kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Neno ni baraza, na lilifika Maniema pamoja na watu wa pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip. Kwao Zanzibar, mu Mji Mkongwe, nyumba yake ya Shangani ingali imesimama. Kule baraza ni benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta, inje, pembeni ya mlango. Watu wanakaa hapo kunywa kahawa na kupeana habari, na mvua ikijaza njia maji, wapita njia wanapanda juu ya baraza na kutembea miguu mikavu. Wabelgiji walipokuja huku walilichukua neno, wakalikata, wakalitia mu Kifaransa chao: la barza. Kwa hiyo ukilikuta ku kurasa za Kifaransa za gazeti hili, ujue ni sisi tuliowakopesha.

Na Zanzibar nayo ilikopa. Milango ile ya mbao iliyochongwa, yenye misumari mikubwa ya shaba, mingi ni kazi ya mafundi na matajiri waliotoka India, zaidi sana Gujarat. Kwao Gujarat nyumba nyingi za zamani ziko na jukwaa dogo lililoinuliwa mbele ya mlango, wanaliita otlo, ndugu kabisa wa barza yetu. Viatu vinabaki hapo. Kusini ya India, kila asubuhi mapema, mama wa nyumba anafagia mbele ya mlango, ananyunyiza maji juu ya vumbi, kisha anachora maua kwa unga wa mchele, wanayaita kolam. Angalia vizuri mpango wa kazi: kwanza ufagio, kisha maji, mwisho urembo. Hata leo, mu vyumba vidogo vya ghorofa za Mumbai, fasi isipotosha kitu, karibu na mlango utakuta kabati ya viatu na kiti cha kukalia wakati wa kuvivua. Mu nyumba za mawe za Lamu, Kenya, kuna daka: kibaraza kilichofunikwa, chenye mabenchi pande mbili, ambapo mgeni anapokewa vizuri bila kuona mambo ya ndani.

Watu hao wote walielewa kwamba mlangoni kuna kazi mbili: kupokea watu na kuzuia uchafu. Sisi Salamabila kazi ya kwanza tunaijua kuliko wengi. Ya pili tumeiacha, na uchafu wetu sisi si matope tu.

Mchimbaji anarudi nyumbani na nini? Kwanza, vumbi la mawe. Jiwe jeupe gumu lenye dhahabu, lile la kwarzi, likitwangwa ama likipita mu mashine, linatoa vumbi nyembamba sana lisiloonekana, linaloingia mpaka ndani ya mapafu na kubaki humo. Linaacha makovu, pumzi inakuwa fupi, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Tena unamfungulia mlango kifua kikuu. Pili, merkiri. Mtu aliyekamua dhahabu kwa merkiri anaibeba ku vidole, ku mikono ya shati, ku mfuko wa suruali. Merkiri haihitaji moto ili ipande hewani: inatoa mvuke hata nyumba ikiwa na baridi ya kawaida. Mvuke huo hauna harufu, hauna rangi. Unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na wanaouumia zaidi ni mtoto mchanga na mtoto aliye bado tumboni. Mtoto anatambaa chini, fasi ambapo vumbi linakaa, na kila kitu anakitia kinywani.

Dunia imekwisha kuona mfano mbaya. Mwaka 2010, mu jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa mu vijiji vya wachimbaji wa dhahabu. Mawe yao yalikuwa na risasi ndani, ile Wafaransa wanaiita plomb. Watu walisaga mawe nyumbani, wengine mu mashine zile zile za kusagia unga, na wanaume walirudi na vumbi mwilini. Watoto wale hawakuwahi kushuka shimoni. Shimo njo lilikuja kwao.

Sasa tujenge. Barza nzuri ya mchimbaji igawanywe pande mbili, na mlango uwe katikati ama karibu na upande wa wageni. Upande mmoja ni wa watu, mwingine ni wa mgodi. Ukiwa na mita tatu za ukuta wa mbele inatosha.

Paa litangulie mbele, mita moja na nusu kama mabati yanafika, maana mvua ya Maniema haianguki wima, inakuja na upepo. Sakafu iinuliwe juu ya kiwanja, ngazi moja ama mbili, na iwe na mteremko kidogo kwenda inje ili maji yasirudi mlangoni. Pale maji ya paa yanapoangukia, mwaga kokoto. Mawe si kitu cha kukosa ku Salamabila. Lakini usichukue mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa kwa merkiri. Tumeona watu wanayamwaga mbele ya nyumba ili kufunika matope, na watoto wanacheza juu yake. Chukua kokoto za mtoni.

Upande wa wageni, jenga benchi ya matofali kando ya ukuta, santimetri 40 na kitu kwenda juu, na upana wa kumtosha mzee kukaa na kuegemea. Ukipata simenti kidogo, ipakae juu ya benchi kabla ya kuipakae ku ukuta, kwa sababu benchi ya udongo mtupu inatoa vumbi na kuharibu vikwembe vya wageni. Tandika mkeka. Tundika pazia ku mlango, na benchi isitazamane na chumba. Mtu wa daka la Lamu alikuwa na haya yake. Mtu wa Salamabila iko na haya na pia iko na balansi ya kupimia dhahabu. Si vizuri kila anayepita njiani aone unahesabu nini mezani.

Upande wa mgodi, vitu ni vichache: msumari mkubwa ama kijiti cha kutundika nguo za kazi, kesi ya mbao yenye kifuniko, ya kuwekea mabuti na vyombo, mbali na mkono wa mtoto, bido la maji lililotobolewa chini na kuzibwa kwa kijiti, likae juu ya tofali mbili, sabuni, beseni, na nguo safi zinazongojea. Baba akifika, anapita upande huo kwanza. Anavua, ananawa mikono, uso na nywele, anavaa nguo ya nyumbani, kisha mtoto anabebwa. Kama nafasi inaruhusu, zungusha matete ama turubai ili apate siri yake. Beseni ile isioshe sahani hata siku moja. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na maji yake yamwagwe ndani ya kashimo, mbali na kisima, mbali na mto, mbali na shamba la sombe.

Kwa mama wanaotwanga mawe tunasema vile vile, tena kwa nguvu zaidi, maana wengi wanarudi na mtoto mgongoni. Kikwembe kilichofunga mawe kisimbebe mtoto. Kiwe cha mgodi, kibaki ku msumari.

Kufagia nako kunabadilika. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani, na kama tone la merkiri limeanguka, ufagio unalikata vipande mia na kuvitawanya. Nyunyiza maji kwanza, sawa na wale mama wa India, halafu fagia pole pole kuelekea inje.

Kuna jambo ambalo barza haiwezi kulisaidia. Mtu anayechoma dhahabu ndani ya nyumba, juu ya makaa ya kupikia bugali, hata akinawa mara kumi mlangoni amekwisha kuwapa watu wake sumu. Mvuke unashika ku kuta na ku majani ya paa na kuendelea kutoka baadaye. Kazi hiyo ibaki inje, mbali na nyumba, penye upepo, bila watoto wala mama mwenye mimba kuwa karibu. Na chupa ya merkiri isilale nyumbani, zaidi sana ile chupa ya maji ama ya limonadi ambayo mtoto anaijua.

Tunajua shida itatoka wapi. Bibi akimwambia bwana yake, «Baba, vua kwanza», mwingine atasikia anafukuzwa ku nyumba aliyoijenga mwenyewe. Njo maana tunashauri baba aanzishe desturi hii yeye mwenyewe, siku ya kwanza, bila kuambiwa, na awaonyeshe watoto. Si desturi ngeni. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka tangu zamani, na hakuna nyumba ya Maniema ambapo mgeni anakula bila kuletewa maji ya kunawa. Rafiki wa shimo akija na mabuti yake, mletee maji vile vile, mapema tu, kabla ya chakula kuiva. Hatachukia.

Kwa wanaokodi chumba kimoja bila barza, kesi yenye kifuniko na kamba ya nguo chini ya ukingo wa paa vitafanya kazi ya kwanza. Bido la maji linakaa popote. Kwa wenye kiwanja chao, matofali yanafyatuliwa na kukauka vizuri wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Hesabu matofali ya benchi pamoja na yale ya ukuta tangu mwanzo, maana yakibaki ya mwisho, simenti huwa imekwisha kuisha na mgeni anapewa bido la kukalia.