Mto Hueleza Habari za Shamba

Ndugu Wanachama,

Masika hii tumepokea maneno mawili. Wenye mabonde ya mpunga wasema maji ya mto yawajia mekundu kama udongo. Wenye mikarafuu ya juu watuuliza: mbona chama chatukataza kulima mpaka ukingoni, na ardhi ile ni mali? Tumeona tuyajibu pamoja, kwani asili yake ni moja.

Majani ya mkarafuu yakianguka na kuoza huwa mboji. Ndani ya mboji mna kaboni, asili ile ile ya makaa tunayopikia. Mboji ndiyo inayoshika maji na chakula cha mti. Penye miti na majani, mvua huiteremsha mtoni kidogo kidogo. Penye mteremko uliolimwa ukawa mtupu, huondoka pamoja na udongo wenyewe.

Wengi wetu hudhani mto ni mfereji tu, hupeleka mzigo wake wote baharini. Sivyo. Wataalamu walitoa hesabu mwaka 2007 kuwa kila mwaka kiasi cha tani milioni 1,900 za kaboni huingia katika mito na maziwa ya dunia, na zinazofika baharini ni kiasi cha milioni 900. Zilizobaki, baadhi huzikwa matopeni. Nyingi hurudi angani kuwa hewa ya kaboni, izidishayo joto la dunia, kwani vidudu visivyoonekana kwa jicho huila mboji iliyomo majini.

Tena mzigo wenyewe hutegemea ardhi ya kando. Mashariki ya Kongo, kwa wenzetu wasemao Kiswahili, mito ilipimwa na habari zake zikatangazwa mwaka 2019. Mito ya msituni ilichukua kaboni changa, ya majani ya karibuni. Mito ya mahali palipokatwa miti ilichukua kaboni yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, iliyokuwa imelala chini ya udongo, na vidudu huila upesi. Akiba ya wahenga ikatumika kama fedha za sikukuu!

Basi, jibu letu ni hili. Twajua kuwa ukingo ule hukupa muhogo, na kuuacha ni hasara. Lakini mboji ikishakwenda, hapana duka liuzalo nyengine ya miaka elfu. Kwa hiyo twashauri: acha hatua kumi kutoka mtoni bila kupiga jembe, majani yake yafyekwe tu. Chimba makinga ya maji kukata mteremko. Ukisafisha chini ya mikarafuu kabla ya kuchuma, magugu yalaze pale pale, usiyachome moto.

Mwenye mlima na mwenye bonde hawana mito miwili. Mvua ijayo, kila mmoja wetu na ateremke akatazame rangi ya maji yatokayo shambani kwake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu