Milioni 18 za Burton na Speke

Kwenye vibanda umiza vya Kawe filamu ya Kizungu haifeli. Ikiwa na risasi za kutosha na mtafsiri mwenye mdomo, benchi zitajaa hata kama huko Hollywood iliwafukuzisha watu kazi. Ndiyo maana vijana hubisha ukiwaambia kwamba filamu wanayoijua kwa moyo, tukio kwa tukio, ilibuma vibaya.

Ubishi huo unatokana na hesabu. Tangazo linaposema filamu imeingiza dola milioni kadhaa, maana yake ni kiingilio cha watazamaji, na kiingilio si mali ya aliyetengeneza filamu. Mwenye jumba la sinema hubaki na karibu nusu, na nje ya Marekani mara nyingi huchukua zaidi. Msambazaji naye hukata ada yake, kisha hurudisha alichotumia kwenye matangazo na nakala. Kinachosalia ndicho kinachoanza kulipa bajeti. Kwa kipimo cha haraka, wafanyabiashara wa sinema husema filamu kubwa sharti iingize mara mbili au mbili na nusu ya gharama yake ndipo mwenye nayo apumue. Mwaka 2012, John Carter ya Disney iliyogharimu zaidi ya dola milioni 250 iliingiza takribani milioni 284 duniani. Kwa macho ya mpita njia, hiyo ni faida. Disney yenyewe ilitangaza kutarajia hasara ya karibu milioni 200.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na sisi. Ukiishika barabara ya Bagamoyo kutoka Kawe kuelekea kaskazini utafika Kaole, na huko ndiko wapelelezi Richard Burton na John Speke walikoanzia msafara wao wa bara Juni 1857. Walipita Kazeh, yaani Tabora ya leo, wakafika Ujiji Februari 1858. Agosti ya mwaka huo Speke, akiwa amemwacha Burton nyuma, aliliona ziwa ambalo leo watu wa Mwanza wanavua sato. Akadai hicho ndicho chanzo cha Nile. Burton akakataa, na urafiki ukaisha.

Mkurugenzi Bob Rafelson aliigeuza habari hiyo kuwa filamu, Mountains of the Moon, iliyotoka Februari 1990. Matukio ya Afrika yalipigwa Kenya. Patrick Bergin alikuwa Burton, Iain Glen akawa Speke, na Mkenya Paul Onsongo akamcheza Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyesafiri nao. Bajeti ilikuwa takribani dola milioni 18. Marekani iliingiza milioni 4 na ushee tu. Ukitoa nusu ya wenye kumbi, hata matangazo sidhani kama yalilipika.

Wahakiki wengi waliisifu, na mimi niko upande wao. Sifa hizo hazikuuza tiketi, na sababu hazihitaji darubini. Filamu ilikuwa na gharama za filamu ya mapambano, maana kupiga picha porini na umati wa wapagazi, mahema na malori ni kumwaga pesa kila siku, hata siku ya mvua ambayo kamera haifunguliwi. Ila hadithi yake ni ya watu wawili kugombana juu ya ramani. Haina nyota ambaye jina lake peke yake lingemtoa Mmarekani nyumbani usiku wa Februari. Tena mwisho wake ni mchungu: Speke anakufa kwa bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya kukutana na Burton kwenye mdahalo mjini Bath. Muuza matangazo atauzaje hilo?

Wapo wanaosema ingefaulu kama ingemweka Bombay katikati. Naafiki kwamba ingekuwa filamu bora. Myao huyu alichukuliwa utumwani utotoni akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru, akaongoza misafara ya Speke, Stanley na Cameron, na pamoja na Cameron akavuka bara hadi Atlantiki. Maisha hayo yanatosha filamu tatu. Ila kwa soko la Marekani la 1990 hasara ingekuwa ile ile, pengine kubwa zaidi.

Kampuni iliyotoa pesa, Carolco, iliweza kuumeza mfupa huu kwa sababu mwaka huo huo ilikuwa na Total Recall, na mwaka uliofuata ikatoa Terminator 2, zote zikauza sana. Ndivyo studio zinavyoishi: filamu moja iliyouza hulipia madeni ya zilizododa. Mpango huo hudumu hadi hasara iwe kubwa kuliko mlipaji. Carolco ilijifunga kwa Cutthroat Island, filamu ya maharamia ya karibu dola milioni 100. Iliomba ulinzi wa ufilisi Novemba 1995, na filamu ilipotoka Desemba ikaambulia kama milioni 10 Marekani. Filamu hiyo ingejaza kibanda chochote cha Kawe, lakini kiingilio cha mlangoni pale kisingemfikia hata mmoja wa wadai wa Carolco.