Je, Wajua Namna Kiini cha Linux Kinavyojizuia Kusema?

Aliyepata kufungua batli ya seva ya Linux, daftari ambamo kiini cha mfumo endeshi hunakili kila jambo linalokisibu, aghalabu amekutana na mstari mfupi utajao jina la kitendakazi fulani na kueleza kwamba miito yake elfu kadhaa imenyamazishwa, akaupita pasi na kuutia maanani, ilhali mimi nauhesabu kuwa katika mistari yenye thamani kubwa kuliko yote daftarini humo.

Haja ya kunyamazisha ni dhahiri kwa aliyewahi kuona diski inayokata roho, maana kiendeshi chake hulalamika kila kinaposhindwa kusoma, na mfumo haukomi kujaribu tena, hali waya wa serial wa kutolea ujumbe huo, wenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, haupitishi zaidi ya herufi 11,520 kwa sekunde, hata mstari mmoja wa herufi 80 ukahitaji takriban milisekunde 7, na prosesa ikashinda ikiandika malalamiko badala ya kutenda kazi iliyonunuliwa kwayo. Fauka ya hayo, akiba ya ujumbe ya kiini, ambayo aghalabu ni kilobaiti 128, ikijaa maneno mapya hufuta ya kale, na shahidi wa kwanza, ajuaye chanzo cha msiba, hupotea.

Basi waandishi wa Linux waliweka mpaka: ujumbe 10 katika kila muda wa sekunde 5, na unaozidi uhesabiwe tu. Hapo kale ruhusa iliombwa kwa kitendakazi printk_ratelimit, na dhulma yake ilikuwa kwamba hesabu ni moja kwa wote wakiitao, mfano wa baraza ambalo msemaji mmoja mwenye kelele humaliza wakati wa watu wote, na mzee mwenye neno zito akarejea kwake hajasikiwa; kifaa kibovu cha USB kikipayuka, diski yenye habari ya hatari iliweza kunyimwa sauti. Mnamo Mei 2008 msimbo huo uliandikwa upya, kila apendaye akaweza kuwa na hesabu yake mwenyewe, walakini kile cha zamani hakikuondolewa, kimeachwa na onyo juu yake kwamba kisitumiwe.

Majina ndiyo yanayonikera. printk_ratelimit ni swali lisiloandika lolote, na printk_ratelimited, kilichozidi herufi mbili tu mwishoni, huandika ujumbe wenyewe na kina hesabu ya peke yake. Kadhalika __ratelimit yenye vistari viwili huelekeza kwenye ___ratelimit yenye vitatu, na jicho lililochoka usiku wa manane halina la kuzipambanulia. La ajabu zaidi, kitendakazi hicho kilichopewa jina la kuzuia hurejesha 1 pale kinaporuhusu na 0 pale kinapozuia, hata asomaye sharti lake kwa haraka hudhani kwamba ujumbe utaandikwa pindi ukizuiwa. Waandishi wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine, waliita chao ratecheck, nami naona walitenda vyema, maadamu ukaguzi waweza kujibiwa ndiyo bila ya kumhadaa msomaji.

Hesabu ya walionyamazishwa nayo ina tabia ambayo wengi hawaijui. Haitangazwi sekunde 5 zinapokwisha. Hungoja mwito mwingine uje mahali palepale, ndipo mwito huo uikute, uitoe, na kuifuta. Tufani ya kosa fulani ikianza saa nne asubuhi na kukoma baada ya sekunde 4, ujumbe 10 utaandikwa, elfu tatu utawekwa rohoni, na iwapo kosa lile halikurudi ila kesho kutwa, idadi ya elfu tatu itaandikwa kesho kutwa, na saa ya kesho kutwa ubavuni mwake. Fundi asiyelijua hilo atatafuta chanzo katika siku isiyokuwa na kosa. Kosa lisiporudi kabisa, hesabu hufa na mashine izimwapo. Baadaye iliongezwa alama ya kuahirisha tangazo hadi hesabu ifungwapo, lakini ni wachache waitumiao.

Inanisikitisha kuona mafundi wetu wakifuta batli nzima kwa sababu imevimba, kisha wakanunua diski nyingine, na ushahidi wa ile ya kwanza umekwenda jaani. Na waandishi wa viendeshi wawekao kizuizi badala ya kurekebisha kosa wanastahili lawama kubwa zaidi. Walakini mpaka wenyewe unahitajika, kwani kwenye vifaa vidogo, ambavyo hifadhi yake ya flashi ina kikomo cha kuandikwa, batli isiyo na mpaka hula umri wa kifaa chenyewe.

Matumizi mengine ni mengi: dev_err_ratelimited kwa vifaa, printk_once kwa neno la kusemwa mara moja tu, mpaka wa programu ziandikazo kupitia /dev/kmsg, na net_ratelimit ya mtandao, ambayo hesabu yake hadi leo ni ya shirika.