Mayowe yapigie moyoni: Je, bustani za burudani zifunguliwe corona ikiwa bado ipo?

Mabosi wawili wa kampuni, wamevaa barakoa, wameketi ndani ya kigari cha reli. Kigari kinapanda polepole hadi kileleni, kinasimama kidogo, kisha kinaporomoka kwa kasi ya kumfanya mtu mzima amwite mama yake. Wao kimya. Hakuna anayefungua mdomo. Video hiyo fupi ilitolewa katikati ya mwaka 2020 na bustani ya burudani ya Fuji-Q Highland, nchini Japan, na mwishoni mwake wageni waliombwa jambo moja: mayowe yako, yapigie moyoni.

Dunia nzima ilicheka. Ombi lenyewe halikuwa mzaha, lakini. Mwezi Mei vyama vya wamiliki wa bustani za burudani Japan vilikuwa vimetoa mwongozo unaowataka wageni wavae barakoa na wajizuie kupiga kelele, kwa sababu mtu anayepiga mayowe au kuimba hutoa chembechembe nyingi zaidi za mate kuliko anayezungumza kwa sauti ya kawaida. Mfano unaotajwa sana na wataalamu ni wa kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani. Mwezi Machi watu 61 walihudhuria mazoezi ya jioni moja. Zaidi ya 50 kati yao waliugua Covid-19 na wawili wakafariki.

Sasa mwulize mzazi yeyote kama anaweza kumpandisha mtoto wa miaka saba kwenye kigari kile na kumwambia anyamaze.

Swali hilo la kuchekesha ndilo lilizaa mvutano mkali Marekani, ambako kampuni moja ya burudani, Disney, ina makao mawili makubwa ya watoto katika majimbo mawili. La Florida lilifunguliwa Julai 2020. La California lilikuwa halijafunguliwa kufikia Oktoba mwaka huo. Yote mawili yalifungwa wiki moja mwezi Machi, kwa sababu ile ile.

Mzazi wa Nairobi au Mombasa anaweza kuuona mjadala huu kuwa wa mbali. Watoto wake hawana safari ya Disney, na mwaka 2020 huenda hata karo ilikuwa shida. Lakini kiini chake anakijua vizuri. Tangu Oktoba 12, 2020, wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliporudi shuleni huku wadogo zao wakibaki nyumbani, kila familia ilikuwa ikijiuliza ni nini kifunguliwe kwanza, kwa kipimo gani, na nani atabeba hasara mambo yakiharibika.

Disney ilianza kufungua Asia. Bustani yake ya Shanghai ilifunguliwa Mei 11, maambukizi ya China yakiwa yamepungua sana. Bustani hiyo huweza kupokea watu 80,000 kwa siku; serikali iliruhusu asilimia 30 tu, yaani 24,000, na kampuni ikasema itaanza na wachache zaidi ya hao. Hong Kong nao walifungua Juni 18. Kesi zilipopanda, wakafunga tena Julai 15, hata mwezi haujaisha. Wakafungua upya Septemba 25. Hakuna aliyeona aibu kufunga tena, na hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu Marekani mjadala uliendeshwa kana kwamba lango likifunguliwa haliwezi kurudishwa.

Florida ilifungua Julai 11. Siku iliyofuata jimbo hilo lilitangaza visa vipya vipatavyo 15,300, idadi ambayo hakuna jimbo lolote la Marekani lilikuwa limewahi kutangaza kwa siku moja. Si kwamba bustani ilisababisha. Virusi havitoi matokeo ya maabara kwa usiku mmoja. Ila picha za familia zikishangilia mbele ya kasri huku hospitali za Miami zikilemewa ziliwakera wengi.

Ndani ya lango, kampuni ilijitahidi, na haki yake ipewe. Idadi ya wageni ilipunguzwa sana na ilikuwa lazima kila mmoja aweke nafasi kabla ya kufika. Gwaride na fataki vilisitishwa. Mickey Mouse alipunga mkono kwa mbali, hakukuwa na kumkumbatia. Barakoa ilikuwa lazima kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, na ukitaka kunywa maji ulisimama mahali pamoja ndipo uishushe.

Umri huo wa miaka miwili unafaa kutazamwa kidogo, maana wazazi wa hapa pia waliuliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la kuhudumia watoto, UNICEF, mwezi Agosti yalishauri kwamba watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa barakoa. Wa miaka sita hadi 11 wavae kutegemea hali ya maambukizi mahali walipo na kama kuna mtu mzima wa kuwasimamia. Kuanzia miaka 12 wafuate utaratibu wa watu wazima. Wataalamu wa Marekani wao walianzia miaka miwili. Mtoto wa miaka mitatu anayevutavuta barakoa kwa mikono iliyoshika vyuma vya bembea siku nzima si kinga kubwa kwa yeyote, iwe Florida au Kisumu.

Kuhusu kupimwa joto mlangoni, kipimajoto humtuliza mzazi kuliko kinavyozuia virusi. Mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajahisi lolote, na wapo wasiopata homa kabisa.

Waliotetea kufunguliwa walikuwa na hoja moja nzito. Miezi mitatu na zaidi ilikuwa imepita, walisema, na maafisa wa afya Florida walikuwa hawajatangaza mlipuko wowote uliotokana na bustani hizi. Sehemu kubwa ya shughuli ni nje, kwenye hewa wazi, ambako virusi husambaa kwa shida zaidi kuliko ndani ya mkahawa au kanisa. Ikiwa baa zimefunguliwa, kwa nini mtoto anyimwe bembea?

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina shimo pia, na shimo lenyewe linaonekana ukikumbuka surua.

Desemba 2014 surua ilizuka miongoni mwa watu waliotembelea Disneyland, ile ile ya California. Ilienea hadi ikawapata zaidi ya watu 100 katika majimbo kadhaa, na kesi nyingine zikaonekana Mexico na Canada. Wachunguzi waliweza kufuata nyayo hadi kwenye lango la bustani kwa sababu surua Marekani ilikuwa imekuwa ugonjwa wa nadra. Kila mgonjwa aliulizwa alikuwa wapi, na majibu yakafanana. Mwaka uliofuata California ilibadilisha sheria ya chanjo kwa watoto wa shule, ikaondoa ruhusa ya mzazi kukataa kwa imani yake binafsi.

Corona haiko hivyo. Familia inatoka Georgia au Ohio, inakaa bustanini siku tatu, inarudi nyumbani. Dalili huchukua siku mbili hadi 14 kujitokeza, na mwaka 2020 ilikuwa mara nyingi kama siku tano. Baba anaanza kukohoa akiwa kwake, maili mamia kutoka Florida, katika nchi iliyokuwa ikitangaza makumi ya maelfu ya wagonjwa kila siku. Nani atakayeketi naye kumuuliza foleni alizosimama? Huenda aliambukizwa kituo cha mafuta. Huenda ni hotelini. Huenda hakuambukizwa safarini kabisa. Kusema hakuna mlipuko uliogunduliwa kulikuwa kweli, lakini mahali penye wagonjwa wengi kiasi hicho, kutogundua hakuthibitishi kitu.

Ndiyo maana kipimo cha California, ambacho kampuni ilikilalamikia, kilikuwa na mantiki kuliko kilivyopewa sifa. Oktoba 20 waziri wa afya wa jimbo hilo, Dkt Mark Ghaly, alitangaza masharti. Jimbo lilikuwa limezipanga kaunti zake katika madaraja manne ya rangi: zambarau, nyekundu, ya chungwa na manjano. Bustani kubwa zingefunguliwa tu kaunti ikifika manjano, yaani chini ya kisa kimoja kipya kwa siku kwa kila watu 100,000, tena kwa robo ya wageni. Ndogo zingeweza kuanza kaunti ikiwa daraja la rangi ya chungwa, kwa wakazi wa kaunti hiyo pekee na kwa michezo ya nje.

Kaunti ya Orange, iliko Disneyland, ina wakazi kama milioni 3.2. Kufika manjano ilihitaji visa vipya chini ya 32 kwa siku. Mkuu wa Disneyland wakati huo, Ken Potrock, alijibu kuwa masharti hayo yatawaweka wakiwa wamefungwa kwa muda usiojulikana. Wiki tatu kabla, mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Bob Iger, alikuwa amejiondoa kwenye jopo la gavana Gavin Newsom la kufufua uchumi.

Lakini visa 32 ni idadi ambayo maafisa wa afya wanaweza kuifuatilia mmoja mmoja. Wakiwa wachache hivyo, bustani ikileta ugonjwa, itajulikana ndani ya wiki mbili. Wakiwa mamia, hakuna atakayejua lolote, na kila upande utadai umeshinda.

Gharama ya kusubiri nayo haikuwaangukia mabosi. Septemba 29 Disney ilitangaza kuwaachisha kazi watu 28,000 Marekani, wengi wao wakiwa vibarua wa saa chache: wauza tikiti, wapishi, wafagiaji, wanaovaa yale mavazi mazito ya katuni. Nchini humo bima ya afya kwa wengi hutegemea kazi, kwa hiyo anayefutwa katikati ya janga hupoteza mshahara na daktari kwa pamoja. Jiji la Anaheim hutegemea mno kodi ya vyumba vya hoteli, na vyumba vilikuwa vitupu.

Vyama vya wafanyakazi vyenyewe viliyumba, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili unapoonekana. Mwezi Juni, kampuni ilipotaka kufungua Disneyland Julai 17, muungano wa vyama vinavyowakilisha wafanyakazi wapatao 17,000 ulimwandikia gavana kwamba haujaridhishwa na usalama wao. Kufikia Oktoba baadhi ya vyama vilikuwa vimemwandikia tena, vikimwomba afungue. Virusi havikuwa vimebadilika. Akiba ya watu ndiyo ilikuwa imekwisha.

Wakati wanasiasa wanabishana kuhusu mgeni, mfanyakazi husahaulika. Mgeni huja siku moja, akaondoka. Mfanyakazi anayefunga mikanda ya watoto kwenye vigari hukutana na mamia ya nyuso kila siku, kisha hurudi nyumbani kwa mama yake mwenye kisukari. Florida, waigizaji na waimbaji walidai wapimwe corona kabla ya kurudi jukwaani, kwa kuwa kazi yao haifanyiki na barakoa. Mvutano ulidumu wiki kadhaa. Mwezi Agosti kampuni ilikubali kituo cha kupima kiwekwe kwenye eneo lake la kuegesha magari, nao wakarudi. Kituo kama hicho kingeweza kuwekwa kabla ya lango kufunguliwa.

Kuna swali jingine ambalo wazazi wa California waliliuliza kwa hasira: iweje bustani ijadiliwe kila jioni kwenye televisheni ilhali wanafunzi wengi wa jimbo hilo bado walikuwa wakisoma kupitia intaneti? Florida ilifungua bustani Julai, shule Agosti. Kwa mtaalamu wa afya ya watoto, utaratibu huo umepinduliwa. Kila jamii ina kiasi fulani cha mikusanyiko inachoweza kuvumilia kabla kesi hazijaanza kupanda, na mtoto hupoteza zaidi kwa kukosa darasa kuliko kwa kukosa kigari. Hilo halimaanishi mchezo ni anasa. Watoto waliofungiwa miezi saba walihitaji kukimbia na kucheza na wenzao, na uwanja wa mtaa wenye hewa na nafasi hutosha kwa hilo bila tikiti wala foleni.

Mzazi anayepanga kumtoa mtoto, hata kama ni kwenye bembea za kuruka za jirani Jumapili, ana la kujifunza kutoka Anaheim: aulize kwanza kesi ni ngapi mahali anakokwenda, ndipo aulize kama kuna maji ya kunawa. Aulize pia mtoto akirudi atalala chumba kimoja na nani. Watoto wengi wakiambukizwa huugua kidogo au wasionyeshe dalili. Nyanya yao hana bahati hiyo.

Kufikia Oktoba 2020, maduka na mikahawa iliyo nje ya lango la Disneyland yalikuwa wazi tangu Julai. Familia zilinunua masikio ya Mickey, zikala, zikarudi nyumbani. Wakati huo Kaunti ya Orange ilikuwa ingali daraja nyekundu, madaraja mawili mbali na manjano.