Rangi ya farasi na siri ya urithi

Wahenga walinena kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, nao hawakukosea. Hawakusema, hata hivyo, kwamba mtoto wa nyoka mweusi ni mweusi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunaamini kwamba mtoto sharti afanane na wazazi wake kwa rangi, na asipofanana nao twanong'ona kwamba kuna jambo lililofichwa. Naam, jambo lililofichwa lipo, lakini aghalabu silo lile tunalolidhania.

Nachukua mfano wa farasi. Mnyama huyu si wa kila boma hapa Kenya, na wengi wetu humjua kwa kumwona kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, jijini Nairobi. Nimemchagua kwa kuwa ni wanyama wachache mno ambao nasaba yao imewekwa kwa makini kama yake. Huko Uingereza, daftari la nasaba ya farasi wa mbio lilianza kuchapishwa mwaka wa 1791. Mwaka wa 1906, miaka sita tu baada ya wanasayansi kuifufua kazi ya Mendel kuhusu mbegu za njegere, Mwingereza Charles Hurst aliyapekua madaftari hayo na kuonyesha kwamba rangi nyekundu ya farasi hufuata kanuni zile zile za Mendel. Ni rangi inayoweza kujificha nyuma ya rangi nyingine, kizazi baada ya kizazi, kisha ikajitokeza.

Yupo farasi mmoja aliyelithibitisha jambo hilo mbele ya ulimwengu mzima. Jina lake lilikuwa Secretariat. Mwaka wa 1973 alishinda mbio tatu kuu za Marekani, na katika ile ya tatu, Belmont Stakes, alimwacha aliyemfuata kwa umbali wa urefu wa farasi 31. Secretariat alikuwa mwekundu kuanzia kichwani hadi mkiani. Baba yake, Bold Ruler, na mama yake, Somethingroyal, wote wawili walikuwa wa kahawia wenye mikia myeusi. Wekundu ule ulitoka wapi?

Jibu ni hili. Unywele wa farasi hutiwa rangi za aina mbili tu: nyeusi na nyekundu. Jeni ya kwanza huamua iwapo rangi nyeusi itatengenezwa au la. Kila farasi ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na nakala moja nzima yatosha kuleta weusi. Akikosa nakala nzima kwa pande zote mbili, farasi hubaki mwekundu. Watafiti wa Uswidi waliitambua kasoro hiyo ya jeni mwaka wa 1996. Jeni ya pili huamua weusi ukae wapi. Ikifanya kazi, huusukuma miguuni, mkiani na kwenye manyoya ya shingoni, na mwili ukawa wa kahawia. Isipofanya kazi, weusi huenea mwili mzima.

Kwa hiyo Bold Ruler na Somethingroyal walikuwa wamebeba, kila mmoja, nakala moja ya wekundu iliyofichika. Uwezekano wa mtoto wao kuzirithi zote mbili ulikuwa mmoja kati ya minne. Hapa naomba mwanafunzi asikimbie. Hatuna maana kwamba watatu wa kwanza watakuwa wa kahawia na wa nne awe mwekundu. Kila mimba hupiga kura yake upya, na kura ya jana haiikumbushi ya leo.

Yapo mafumbo mengine. Ukiwapandisha farasi wekundu wawili, utapata mwekundu, kwa maana hakuna aliye na nakala ya weusi ya kutoa. Lakini ukimpandisha mwekundu kwa mweusi, waweza kupata mtoto wa kahawia, asiyefanana na mama wala baba. Mzazi mwekundu huwa amebeba ile jeni ya kuupanga weusi, ila hana weusi wa kuupanga. Ni kama mpishi hodari katika jiko lisilo na unga. Mletee unga, nawe utauona ustadi wake.

Ambaye hajui kanuni hizi hutapeliwa kwa urahisi. Kuna farasi wa rangi ya dhahabu mwenye manyoya meupe ya shingoni, aitwaye palomino, ambaye wengi humtamani. Mtu hununua dume na jike wa dhahabu akitumaini kupata kundi zima la dhahabu. Haiwezekani. Rangi hiyo huletwa na nakala moja tu ya jeni inayofifisha wekundu. Kati ya watoto wa wazazi wawili wa dhahabu, nusu hutarajiwa kuwa wa dhahabu, robo wekundu, na robo iliyobaki, waliopata nakala mbili, huwa weupe kama maziwa ya mtindi wenye macho ya buluu.

Hasara ya palomino ni ya fedha tu. Ipo hasara nyingine inayotia simanzi. Huko Marekani hupendwa sana farasi wenye mabaka makubwa meupe ubavuni. Mabaka ya aina moja huletwa na jeni ambayo nakala yake moja humpamba mnyama bila kumdhuru. Nakala mbili humwua. Mtoto huzaliwa mweupe pepepe, akasimama, akanyonya, akaonekana mzima. Baada ya saa chache tumbo huanza kumsokota, kwa kuwa matumbo yake hayana neva za kusukuma chakula. Hapana tiba. Chembe zinazoleta rangi ya ngozi na zile zinazokuwa neva za matumbo hutokana na chimbuko moja katika kiinitete, na jeni hiyo ndiyo inayoziongoza zote. Mwaka wa 1998 watafiti waliitambua, na tangu hapo mashina ya nywele chache yatosha kumpima farasi. Upimaji huo ni wa lazima kwa mwenye busara, kwani wapo wabebaji wasio na baka la kuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine hata nguo yenyewe haikionyeshi. Mfugaji asiyewapandisha wabebaji wawili hatazika mtoto hata mmoja kwa sababu hiyo.

Pengine msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi tusio na farasi? Yatuhusu sana. Wazazi wawili weusi waweza kupata mtoto mwenye ualbino kwa kanuni ile ile iliyomleta Secretariat: kila mmoja amebeba nakala moja iliyofichika, na mtoto amezirithi zote mbili. Lakini katika jamii zetu wapo waume wanaowatimua wake zao kwa sababu ya mtoto kama huyo, wakidai kwamba mama ametoka nje au amelaaniwa. Mume huyo hajui kwamba, katika aina za kawaida za ualbino, mtoto hangezaliwa hivyo bila mchango wake yeye mwenyewe. Anamfukuza shahidi wa damu yake. Wala sisemi haya ili wanadamu wachaguliwe kama mifugo. Mtoto mwenye ualbino si hasara wala kasoro ya kufutwa. Ni mtoto, na anastahili baba.

Ndiposa nawasihi walimu wetu. Somo la urithi hufundishwa kwa herufi kubwa na ndogo zilizopangwa katika visanduku vinne, na wanafunzi huyakariri hayo hadi siku ya mtihani. Wengi hupata alama nzuri, kisha hurudi kijijini na kushiriki katika minong'ono ile ile ya mababu. Elimu ya namna hiyo haijamfikia mwanafunzi. Mwalimu na aanze na farasi mwekundu aliyezaliwa na wazazi wa kahawia, amwulize mwanafunzi wekundu umetoka wapi, na amwache ahangaike. Kisha amwulize kuhusu jirani aliyefukuzwa na mumewe. Atakayeweza kulijibu swali hilo la pili mbele ya wazee wa kwao, kwa adabu na bila kuyumba, huyo ndiye aliyelielewa somo.