Siku za Soko na Hesabu: Topolojia ni Nini?

Wengi wakisikia neno «topolojia» wanaogopa, wakidhani ni elimu ya watu wachache tu. Sivyo. Mtu anayejua kuhesabu siku za soko anaweza kuifahamu.

Topolojia inauliza neno moja: ni vitu gani tunavihesabu kuwa jirani? Majirani ya kwanza tunayokubaliana, ndiyo tunayaita «msingi». Kwa namba zote za mstari, pamoja na sehemu kama 10 na nusu, msingi tuliouzoea ni vipande vya mstari bila ncha zake: kwa mfano, namba zote kati ya 9 na 11, lakini si 9 wala 11.

Lakini twaweza kuchagua msingi mwingine. Tushike namba nzima tu, za juu ya sifuri na za chini yake, na kila namba iwe siku moja. Kando ya Lualaba, soko la Nyangwe lilijulikana tangu zamani. Livingstone alilikuta mwaka 1871. Tuseme soko moja linafanyika kila siku ya nne: 2, 6, 10, 14, 18, 22. Soko la kijiji kingine ni kila siku ya sita: 4, 10, 16, 22. Kila mfululizo wa namna hii, usio na mwanzo wala mwisho, uwe jirani moja ya msingi wetu.

Msingi una sheria mbili:

1. Kila namba iwe ndani ya jirani moja au zaidi.

2. Namba ikiwa ndani ya jirani mbili, ipatikane jirani ya tatu yenye namba ile, iliyo ndani ya zote mbili.

Tazama: masoko yetu yanakutana siku ya 10, ya 22, ya 34, ni kusema kila siku ya 12. Huo nao ni mfululizo. Sheria imetimia.

Fungu la namba linaitwa «wazi» likiwa ni muungano wa mifululizo. Basi fungu wazi lenye namba hata moja lina namba zisizo na mwisho.

Faida yake ni nini? Mwaka 1955 Harry Furstenberg, kijana wa miaka 20 hivi, alionyesha kwa njia hii kwamba namba tasa (2, 3, 5, 7, 11...) hazina mwisho. Euclid alikwisha kulihakikisha jambo hilo zamani sana, lakini kwa njia nyingine.

Tuseme namba tasa zina mwisho. Namba zisizogawanyika kwa 2 ni fungu wazi, maana ni mfululizo mmoja. Zisizogawanyika kwa 3 ni mifululizo miwili, nazo ni fungu wazi. Vivyo hivyo kwa kila namba tasa. Kwa sheria ya pili, namba zilizo ndani ya mafungu hayo yote pamoja, yakiwa na idadi yenye mwisho, ni fungu wazi pia. Lakini ni namba gani zisizogawanyika kwa namba tasa yoyote? Ni 1 na −1 tu. Fungu wazi la namba mbili! Haiwezekani. Kwa hiyo namba tasa hazina mwisho.

Sasa ujaribu mwenyewe: soko la kila siku ya 6 na la kila siku ya 9, yakikutana leo, yatakutana tena siku gani?