Kiunzi Kisichosogea: Mbio za Polisi Kipchoge Keino

Katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, nacho hakianguki kikiguswa kama kile cha mbio fupi. Mtu akikigonga, aangukaye ni yeye. Yafaa sisi askari tuzitafakari mbio hizi kupitia mwenzetu mmoja, Kipchoge Keino wa Polisi ya Kenya.

Keino alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi, akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika Chuo cha Polisi cha Kiganjo. Jina lake lilivuma mwaka 1965. Mwezi wa Agosti, mjini Helsingborg, Uswidi, alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 39.6, mwezi wa Novemba akavunja ile ya mita 5,000 mjini Auckland. Mwaka 1968, huko Mexico, alikimbia hali anaugua mfuko wa nyongo. Alianguka katika mita 10,000, akapata medali ya fedha katika mita 5,000, kisha akatwaa dhahabu ya mita 1,500, akimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde 3.

Mwaka 1972, mjini Munich, ratiba haikumruhusu kuunganisha mita 1,500 na mita 5,000. Basi akajiandikisha katika mbio za viunzi na maji, ambazo hakuwa na uzoefu nazo mkubwa. Miruko yake haikuwa ya kupendeza macho, lakini pumzi na miguu vilikuwa tayari. Tarehe 4 Septemba alishinda kwa dakika 8 na sekunde 23.6, rekodi ya Olimpiki, akifuatwa na Mkenya mwenzake Ben Jipcho. Siku mbili kabla yake, John Akii-Bua, polisi wa Uganda, alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

Jipcho aliweka rekodi ya dunia ya viunzi na maji mwaka 1973. Mwaka 1975 ikachukuliwa na Anders Gärderud wa Uswidi, ambaye mwaka 1976 alishinda Montreal, katika michezo iliyosusiwa na Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika. Henry Rono aliirudisha Kenya mwaka 1978. Nayo Uganda ilipata dhahabu yake katika mbio hizo mwaka 2021, Peruth Chemutai aliposhinda mjini Tokyo.

Sasa na tuyatazame mambo haya kutoka hapa Dabani, wilayani Busia, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya. Barabara za kukimbilia zipo, na vijana wenye miguu wapo. Lakini katika vituo vingi vya ulinzi, askari atokaye zamu ya usiku akaomba saa moja ya mazoezi huhesabiwa kuwa mkwepa kazi. Hicho ndicho kiunzi kisichosogea, na wengi wameangukia hapo kabla jina lao halijajulikana.

Kiganjo hatutudai fedha nyingi ili tuige mfano wake. Pale, mazoezi ya mwili yalikuwa kazi yenyewe, wala hayakuwa wizi wa saa za serikali. Mlinzi mwenye pumzi humfukuza mvukaji magendo hadi amkamate. Asiye nazo hubaki akipuliza filimbi.

Kwa hiyo twawaomba makamanda: askari akiomba saa ya alfajiri, apewe. Na wewe ndugu askari, ukishapewa, saa hiyo ni ya kukimbia, si ya kulala.